Kipande Hiki Kimetoka Gari Gani?

Kuna swali moja ambalo sisi wanunuzi wa spea kuukuu hatupendi kuliuliza, na wauzaji nao hawapendi kuulizwa. Swali lenyewe ni fupi: kipande hiki kimetoka katika gari gani? Bei tunauliza. Kama kuna cha rangi nyingine tunauliza. Kama bwana atatupunguzia mia tano tunauliza, tena kwa kuapa. Lakini asili ya kitu tunaiacha ilale, kana kwamba mlango wa gari huota shambani kama mnazi.

Nathubutu kusema kuwa swali hilo moja lina kazi mbili. Ndilo linaloamua kama kipande kitakaa mahali pake, na ndilo linaloamua kama ni halali kukinunua. Watu wengi hudhani hayo ni mambo mawili yasiyohusiana, la kwanza la fundi na la pili la shehe au la polisi. Mimi naona ni jambo moja, na nitachukua mfano wa Range Rover kulieleza, kwa sababu gari hilo halimsamehe mtu asiyeuliza.

Najua msomaji ataguna: mtunga mashairi na magari ya mabwana wakubwa wapi na wapi? Jawabu ni kwamba gari la fahari halikai kwa bwana mkubwa milele. Yeye hulichoka baada ya miaka michache, likashuka kwa mfanyabiashara, likashuka tena kwa afisa aliyestaafu, mwisho likawa la kijana anayelikodisha siku za harusi kubebea maharusi. Kila likishuka ngazi, bei yake nayo hushuka. Bei ya kipande kipya cha bodi haishuki hata senti. Ndipo utamwona mtu amenunua motokaa kwa fedha za Probox, kisha anaambiwa taa moja ya mbele itamgharimu fedha za kununulia ng'ombe wa maziwa. Mtu huyo hana njia ila kutafuta kipande kilichotumika, na simwoni kuwa na aibu yoyote kwa hilo. Kipande cha kiwandani kilichotumika, kama ni kizima, ni bora mara nyingi kuliko cha kuigiza kinachouzwa kikiwa kipya ndani ya katoni, ambacho ukikifunga waweza kuingiza kidole kwenye mwanya kati yake na jirani yake.

Mpwa wangu wa Tudor ni mmoja wa watu hao. Range Rover yake ni ya mwaka 2007. Mwaka jana lori liliirudia kinyumenyume pale Changamwe, likaiponda boneti, madigadi ya kushoto, bampa na taa. Akanijia. "Mjomba, twende sote," akaniambia, "mimi nitatazama vyuma, wewe utatazama watu." Nikafuatana naye Magongo, na baadaye Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Mengi ya niyasemayo hapa niliyaona katika mizunguko hiyo, na mengine nimeyasikia kwa mafundi wa bodi ambao nimekuwa nikipiga soga nao kwa miaka.

Tatizo la kwanza ni jina. Muuzaji ukimwambia Range Rover, yeye hukuletea chochote kilichoandikwa Range Rover. Lakini magari yenye jina hilo ni kabila zima. La kwanza lilitoka Solihull, Uingereza, mwaka 1970, likiwa na milango miwili ya abiria, na milango minne haikuja mpaka 1981. Umbo la pili likaja 1994, la tatu 2002, la nne 2012, la tano 2022. Hayo ni ya ukoo mkubwa. Pembeni wakazaliwa ndugu zao: Sport mwaka 2005, Evoque 2011, Velar 2017. Sport ya kwanza ilijengwa juu ya msingi wa Discovery wala si wa Range Rover kubwa, na madigadi yake hayaingii katika hiyo kubwa hata ukiyapiga nyundo mpaka Idi. Mpwa wangu aliletewa hayo mara tatu, katika maduka matatu, na kila mara aliambiwa, "Hii ni sawa kabisa, boss, fundi wako ataiset."

Tatizo la pili ni mwaka, na hapa ndipo wengi hunaswa, maana hujiona wajuzi kwa kuwa wameutaja. Umbo lile la tatu, lililodumu mpaka 2012, lilibadilishwa uso mara mbili njiani. Gari la 2003, la 2007 na la 2011 ukiyatazama kwa ubavu utasema ni mapacha. Ukija mbele, taa si zile, grili si ile, bampa si ile. Bampa ya 2003 ukiifunga katika gari la 2007 haikubaliani na taa. Juu ya hayo, mwaka ulioandikwa katika karatasi za gari si lazima uwe mwaka wa modeli. Viwanda huanza kutoa uso mpya kabla mwaka wenyewe haujaingia, kwa hiyo gari lililosajiliwa mwishoni mwa 2009 laweza kuwa na uso wa 2010. Wawili wakinunuliana kwa kutajiana miaka tu, wote wawili wakasema kweli, kipande bado chaweza kukataa kukaa.

Sisi watu wa mashairi twaijua hali hiyo. Mstari tunaugawa vipande viwili, ukwapi na utao, na kipande chenye mizani saba hakikai mahali pa mizani minane hata kikiwa na kina kitamu namna gani. Sikio hukitema.

Dawa ya matatizo hayo mawili ni namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu kumi na saba. Katika magari haya huonekana kwa nje, chini ya kioo cha mbele. Ndani yake mna habari ya aina ya bodi, ya injini, na ya mwaka wa modeli hasa, si mwaka wa karatasi. Mwenye gari huijua namba yake, au akitaka ataijua kwa dakika moja. Swali ni je, muuzaji anaijua namba ya gari alilolichuna? Akiijua, mnaziweka mbili pamoja na mambo yanakwisha bila kuapiana. Akiwa haijui, basi anauza asichokijua, na wewe wanunua bahati nasibu.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ilivishwa alumini kwa sababu baada ya vita chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza. Desturi hiyo ikarithiwa na Range Rover, na ile ya 2012 ikawa bodi nzima ni alumini, iliyounganishwa kwa gundi na ribiti kama ndege, ikapungua uzito hata kilo 420 kuliko iliyoitangulia. Gari la mpwa wangu ni la katikati: boneti, madigadi ya mbele na milango ni alumini, mwili uliobaki ni chuma.

Fundi wetu wa jua kali aliyezoea Toyota hukutana na alumini akapata tabu, wala simlaumu. Bati la chuma likikunjwa huwa kama lina kumbukumbu, ukiligonga kwa adabu hutaka kurudi lilivyokuwa. Alumini haina kumbukumbu hiyo. Chuma ukikipasha moto huwa chekundu, kikakuonya. Alumini haibadiliki rangi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, kwa hiyo fundi ashikaye moto huona kimya, kisha akaona tundu. Ukiisugua kwa brashi iliyosugulia chuma, chembe za chuma huingia ndani, na miezi michache baadaye rangi huanza kufura vipele. Kwa hiyo fundi mwenye haraka hufanya ambalo lingefanywa na yeyote mwenye haraka: hujaza puti, akapiga msasa, akapuliza rangi, na kipande kikang'aa kama sahani ya harusi.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Watu wengi huenda kununua na sumaku mfukoni. Huiviringisha kitambaa na kuipitisha juu ya bati. Pale inapolegea, hapo pana puti. Ni hila nzuri kwa Toyota. Kwa boneti ya alumini haifai kitu, kwani sumaku haishiki alumini iwe nzima iwe mbovu. Nilimwona bwana mmoja Nairobi akiipitisha sumaku yake kwenye madigadi, ikaanguka, akaitupa madigadi kwa hasira akisema ni puti tupu. Ilikuwa nzima. Akachukua nyingine iliyoshika vizuri sana, ya chuma, ya kuigiza. Hukumu ya kipande cha alumini hutafutwa upande wa ndani, ambako fundi mwongo aghalabu hasumbuki kupaficha: tazama mikunjo, alama za nyundo, ulehemu, rangi iliyomwagikia mahali isipotakiwa. Kisha gonga kwa ncha za vidole, sikiliza. Penye puti sauti hufa. Vipo pia vipimo vya kupima unene wa rangi, lakini hakikisha ni vile visomavyo juu ya alumini.

Tulipokuwa chuoni tulisimuliwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema mvua iliipata. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule uliolowa juu watu wakauona. Mwalimu wetu hakuhitaji kutueleza zaidi. Na katika fiqhi tuliyosomeshwa, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya mauzo, naye hakuambiwa, ana hiari ya kurudisha. Leo ukipewa risiti ya spea, wa kwanza kukusalimu ni ule mstari usemao kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Puti iko chini, rangi iko juu, na risiti imekwisha kufunga mlango. Nashangaa jinsi tulivyouzoea mstari huo, tukauona kama sehemu ya karatasi.

Vipande hivi hutoka wapi? Vingi huja na makontena kutoka Uingereza, na vingine kutoka Ghuba. Pale Sharjah kuna mitaa mizima ya viwandani ambako magari huchunwa kama mbuzi, mlango huku, injini kule. Zamani majahazi yalitoka huko na pepo za kaskazi yakatuletea tende na mazulia, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Leo jamaa zetu walio huko hutuma picha ya boneti kwa simu, na mwenye fedha hutuma fedha. Biashara ni ile ile na uaminifu wake ulikuwa wa kujuana.

Kila upande una kasoro yake. Gari la Uingereza lina usukani upande wetu, wa kulia, lakini barabara za huko humwagwa chumvi wakati wa barafu. Chumvi, maji, alumini na chuma vikikutana hulana. Itazame kingo ya chini ya mlango. Ukiona unga mweupe na rangi iliyofura, achana nao, maana hewa yetu ya bahari itamalizia kilichobaki. Kipande cha Ghuba kimekaa penye ukame, kwa hiyo alumini yake aghalabu ni safi, ila jua limekausha mipira na plastiki mpaka inavunjika mkononi. Tena huko huendesha upande wa kulia wa barabara, usukani uko kushoto. Boneti na madigadi hayajali usukani. Taa ya mbele inajali sana: ile ya Ghuba mwanga wake wa chini hukatia upande usio wetu, ukamulika macho ya anayekuja. Kioo cha pembeni nacho hujali, na mlango wa dereva pia, kwa sababu ya swichi za madirisha na tundu la ufunguo, ambalo katika magari mengi ya siku hizi liko upande wa dereva peke yake. Muuzaji aliyemwuzia mpwa wangu taa alijua fika kuwa imetoka gari la Ghuba. Hakusema kwa kuwa hakuulizwa. Mpwa wangu aliligundua hilo usiku barabara ya Malindi, malori yalipokuwa yakimwashia taa kwa hasira.

Kuna na asili ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika miji yetu mikubwa mtu husimama kwenye msongamano wa magari, mkono ukapita dirishani, kioo cha pembeni kikaondoka. Gari hulala nje ya nyumba, likaamka bila taa. Ndiyo maana watu wamechonga namba za usajili juu ya vioo na taa zao, mapambo ambayo hakuna mtengenezaji aliyeyakusudia. Nairobi wana mzaha kwamba ukiibiwa kioo, usipoteze muda kituoni. Nenda kakinunue asubuhi kabla hakijapata mteja mwingine. Watu huucheka mzaha huo. Mimi nimemwona mama mmoja akiusimulia, naye hakuwa akicheka, kwa sababu kioo alichouziwa kilikuwa na mkwaruzo ambao mwanawe aliuweka kwa baiskeli.

Mwizi hana duka. Kazi yake inakamilika kwa mnunuzi asiyeuliza, na huyo ni mimi na wewe, watu wenye swala tano na jumuiya za kanisa. Twajidanganya kwa kusema hatukujua. Sheria yetu ya Adhabu, kifungu cha 322, haimtaki mpokeaji awe amejua kwa yakini tu. Humshika hata aliyekuwa na sababu ya kuamini kuwa mali ni ya wizi, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Kioo cha Range Rover kinachouzwa kwa robo ya bei yake, waya zikiwa zimekatwa kwa kisu badala ya kuchomolewa kwenye plagi yake, hicho kimekwisha kukupa sababu. Tazama waya. Aliyelichuna gari lake mwenyewe hana haja ya kukata.

Rafiki yangu mmoja mwenye duka, nilipomweleza hayo, alinijibu kwa ukali kidogo. "Mzee, wewe wataka tuandike nasaba ya kila mlango kama sharifu? Mteja atakimbilia kwa jirani asiyeandika." Sikumwona amekosea yote. Ni kweli mteja hukimbia, na ni kweli karatasi ni kazi. Lakini nasaba yenyewe ni mstari mmoja. Anayechuna gari halali analo mbele yake, lina namba, lina karatasi za forodha au za aliyemwuzia. Kunakili namba kumi na saba hakuzidi muda wa kunywa kikombe cha kahawa tungu. Anayeona kazi hiyo ni nzito mno, aghalabu uzito wake hauko kwenye kalamu.

Wenye magari nao wasijifanye watakatifu. Nimemsikia bwana wa gari kubwa akimwambia fundi, "Nitafutie, usiniambie umekitoa wapi." Alijua analosema. Fundi maskini akienda akitafuta kwa masharti hayo, tusishangae akirudi na kitu kilichong'olewa usiku Nyali au Kilimani.

Na jambo lenyewe halitakuwa jepesi huko mbele. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo yanayoshuka melini sasa ni yale ya bodi ya alumini tupu. Boneti na milango yake bado hufunguliwa kwa spana. Ubavu wake haufunguliwi. Umegundishwa, na kipande chake hakipatikani ila kwa kukatwa kutoka gari jingine. Mwenye kukata asipojua gari gani amekata na limegongwa wapi, atauza ubavu uliokwisha kupinda kwa mtu atakayebeba watoto ndani yake.

Boneti ya mpwa wangu tuliipata mwishowe Magongo, kwa kijana mmoja ambaye duka lake si zaidi ya kontena moja na turubai. Madigadi na bampa vilikuwa hapo pia, vya gari moja, rangi moja, kijivu, ilhali gari letu ni jeusi. Mpwa wangu akataka kuanza na bei. Nikamtangulia nikauliza lile swali. Kijana hakununa. Aliigeuza boneti juu chini, akatuonyesha kwa ndani, palipoandikwa kwa rangi nyeupe na brashi ndogo herufi na tarakimu kumi na saba. Madigadi yalikuwa na maandishi yayo hayo, na bampa vilevile. Akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akafungua ukurasa wa namba hiyo: gari limetoka Uingereza, limegongwa nyuma, limechunwa mwezi gani, na kila kipande kimekwenda kwa nani. Nikamwuliza nani aliyemfundisha. Akasema hakufundishwa na mtu. Aliwahi kukaa siku tatu korokoroni kwa ajili ya mlango ambao hakuweza kueleza ulikotoka, na alipotoka alipitia dukani kununua daftari kabla hajafika nyumbani.